Mwalimu Chamai Asiyekuwa na Kosa Hata Moja

Waheshimiwa watawa, ndugu, majirani na wanafunzi wa marehemu, kabla historia hii haijasomwa familia inawaomba mkifunge kile kitabu chenye jalada la waridi mlichogawiwa langoni mwa hekalu, kwa sababu maisha yaliyoandikwa humo si ya marehemu, na marehemu mwenyewe aliyasoma akiwa hai, yakamtia kinyaa.

Mwalimu Chamai alizaliwa tarehe 9 Juni 1956 katika kijiji cha wakulima wa mpunga nje kidogo ya mji wa Phichit, mtoto wa tatu wa mzee Bunma na bibi Thongyu, akasoma shule ya hekaluni, kisha sekondari ya mkoa, na mwaka 1977 akahitimu chuo cha ualimu huko Phitsanulok. Kitabu kinasema alikuwa mpole tangu utotoni. Si kweli, dada yake mkubwa yupo hapa na kovu la mwiko kwenye kiwiko, na ukubwani wawili hao walinuniana miaka saba kwa ajili ya mtungi wa samaki wa kuchachusha.

Mwezi Mei 1978 alianza kufundisha fasihi katika sekondari ya wilaya, akadumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2016, na katika fasihi yote hadithi fupi ndiyo iliyomkaa moyoni. Mwanafunzi akiandika kwamba mhusika wake ni mwema, Mwalimu alimrudishia karatasi, "Kafanya nini huyo mwema wako, mwanangu? Mbona simwoni?" na darasa zima likapelekwa soko la asubuhi, kila mmoja amchague mtu mmoja, arudi na kitendo chake kimoja tu, muuza nyama anayebonyeza mizani kwa kidole gumba, au bibi anayemmegea mbwa tonge lake la mwisho. Mahali pa hadithi, alisema, pawe na harufu, mgogoro uwe na mtu atakayepoteza kitu, na mhusika asiye na kosa ni lile sanamu la dukani la kuvalishia nguo. Hadithi za mashujaa wasiokosea alizisoma amekunja pua kama mtu aliyefunua sufuria ya juzi.

Tarehe 14 Februari 1982 aliolewa na Bwana Wirot, baadaye mkuu wa tarafa, anayeketi safu ya mbele, wakajaliwa binti mmoja, Orathai. Mwaka 2009 Bwana Wirot alijenga nyumba ya pili wilaya ya jirani, na aliyemweka humo mnamjua nyote. Siku alipojua, Mwalimu alitupa mashati yote ya mumewe mferejini, na kipindi hicho kitabu kinakiita miaka ya uvumilivu.

Machi 2021 figo zake zilianza kushindwa. Orathai alikuwa akimpeleka kusafishwa damu, na wifi yake Somchit, anayewasomea, dada wa tumbo moja na Bwana Wirot, akimwogesha na kumlisha uji. Bwana Wirot alikuja mara mbili, zote mbili na mpiga picha. Januari mwaka huu, mkewe angali anapumua, aliandika historia ya marehemu akaipeleka ikachapwe, ili, kwa maneno yake, "tusije tukakimbizana siku ya msiba." Mwenye duka la uchapaji, Kamon, aliyefundishwa na Mwalimu na ambaye hajawahi kuchapa kitu Mwalimu asikisahihishe kwanza, kwa mazoea yaleyale akamletea nakala ya kwanza kitandani.

Somchit alidhani wifi yake atalia. Mwalimu aliomba kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza akaandika, "Mhusika mkuu hana kosa hata moja. Huyu ni nani?" Pale mume alipodai kumuuguza mkewe kwa mikono yake, akaandika, "Kwa kitendo kipi? Chumbani hayumo." Mwishoni akatoa mbili juu ya kumi, na chini yake neno moja, Rudia.

"Nimpelekee, wifi?"

"Mpelekee. Na mkirudia, mashati msiyasahau. Niliyatupa mimi, na sikujuta."

Bwana Wirot alipoona wino mwekundu alicheka, "Dawa hizo zinamchezea akili," akaamuru vitabu vichapwe vilevile. Somchit amekula sahani moja na kaka huyu tangu utoto, na leo amekataa kula naye chakula cha msiba, na analisema hili mbele ya jeneza.

Mwalimu Chamai alifariki tarehe 3 Aprili 2024, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali ya mkoa, kichwa chake mapajani mwa Orathai. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopika siku zote za msiba, walimu wenzake, na Kamon kwa mazoea yake. Bwana Wirot anashukuriwa kwa kufika.

Maua ya msandali yapo mezani, kila mtu achukue lake akaliweke jenezani kumuaga, na vile vitabu vya waridi viwekwe kando ya tanuri la kumchomea marehemu, moto utavitosha pia.

Mwalimu, tumerudia kama ulivyoagiza. Kapumzike kwa amani.