Mama Kustinah, Aliyelainisha Maneno ya Waziri

Ndugu jamaa, majirani wa Kotagede, na nyinyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi chini ya turubai hili, familia imenipa mimi Pramuji, kifunguamimba wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, Bibi Kustinah Reksowardoyo, kabla hatujambeba, nanyi mtanivumilia, kwa sababu maelezo haya ni marefu kuliko mliyoyazoea, na ndani yake kuna jambo ambalo baadhi ya wazee wa ukoo wameomba lisisomwe, nami nitalisoma.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Kotagede, tarehe 14 Machi 1924, mtoto wa nne wa mfua fedha Mzee Reksowardoyo, katika nyumba ambamo mtoto alifundishwa kuinama mbele ya wakubwa kabla hajajua kutembea vizuri, na ambamo neno "sitaki" halikusikika, mgeni akikaribishwa chai hukataa mara mbili ilhali koo limemkauka, na mwenyeji humshikilia anywe ilhali sukari imekwisha tangu jana, hayo mnayajua, sote tumelelewa hivyo.

Alisoma shule ya msingi mjini Yogyakarta kuanzia mwaka 1931 hadi 1938, kisha akajifunza kupiga taipureta, na Jamhuri yetu ilipozaliwa, serikali ikahamia Yogyakarta, marehemu aliajiriwa tarehe 4 Februari 1946 katika ofisi ya Waziri Danusaputro, akiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandika barua ambazo Waziri aliwapelekea viongozi wenzake, maana nchi ilikuwa changa, simu zilikatika ovyo, Waholanzi walikuwa wametuzingira, na mambo ya taifa zima yalipita ndani ya bahasha.

Aliyeandikiana na Waziri zaidi ya wote alikuwa Bwana Marihot Simanullang, Mbatak wa Tapanuli, kwa watu wasiozungusha maneno, kiongozi wa serikali upande wa Sumatra, rafiki yake wa tangu ujana walipokuwa wakigawana sahani moja ya wali, na barua zake ziliingia ofisini kama mtu aliyepiga mlango teke, "Danu, wewe ni punda mwenye kilemba, hao Waholanzi watakuchezea mpaka lini?", naye Waziri, ambaye kwa rafiki huyo tu alisahau ujava wake wa kupima maneno, alizunguka chumba akicheka na kufoka, akimwambia marehemu, "Andika, binti, mwambie punda ni yeye, mwambie afunge domo lake ale samaki wa ziwani kwao."

Marehemu hakuandika hivyo, jamani, angewezaje, binti wa Mzee Reksowardoyo, barua ya Waziri itoke na neno "domo" ndani yake, aliona ni sawa na kumpeleka Waziri barazani akiwa na kaptula, basi aliandika, "Maoni ya Kaka tumeyapokea kwa heshima kubwa", Waziri akatia sahihi bila kusoma kwa kuwa alimwamini, wakubwa wa ofisi nyingine wakazisifu barua zile, na kwa karibu miaka mitatu marehemu alilainisha kila neno gumu lililotoka katika chumba kile, akijua kwamba anafanya kazi njema.

Tarehe 9 Desemba 1948 ilikuja barua ya Bwana Simanullang kwamba amechoka na maandishi, anapanda ndege aje Yogyakarta agombane na baraza la mawaziri uso kwa uso, na siku hiyo Waziri hakucheka, alikuwa amepata habari za kuaminika kwamba mji utashambuliwa wakati wowote, akasimama dirishani akasema, "Mwandikie usije, ukija utakufa, basi, usiongeze kitu."

Marehemu akaketi kwenye taipureta, akafikiri, mtu gani humwambia rafiki yake "utakufa", ni kumwapiza, na mgeni gani huambiwa "usije", kisha akaandika kama mkono wake ulivyozoea, "Tungefurahi mno kumwona Kaka, ingawa pengine ingependeza Kaka asijichoshe na safari ndefu siku hizi, na lolote atakaloamua Kaka, milango yetu iko wazi." Mjava yeyote aliyeketi hapa akiisoma barua hiyo angefungua mizigo yake siku hiyo hiyo, angejua amekatazwa vikali, lakini haikwenda kwa Mjava.

Ijumaa tarehe 17 Desemba Bwana Simanullang aliingia ofisini, akapangusa viatu vyake mlangoni kwa kishindo kama kawaida yake, akapaza sauti, "Eti nisijichoshe! Danu, umeniona nimezeeka? Mpaka lini utaniandikia kama mama mkwe?", Waziri akasimama, akamtazama rafiki yake, kisha akageuza macho polepole akamtazama marehemu, na midomo yake ikacheza, lakini alichosema ni hiki tu, "Bi Kus, tuletee chai." Mama alituambia kwamba alimimina chai hadi ikafurika kikombeni, na Bwana Simanullang akamtania, "Pole, dada mdogo, Mbatak hali watu siku hizi."

Ndege ya kumrudisha ilikuwa ya Jumatatu, hakukuwa na nyingine kabla yake, na Jumapili alfajiri, tarehe 19, mabomu yakaanguka uwanja wa ndege wa Maguwo, mji ukaingiliwa na Waholanzi, Waziri akakamatwa pamoja na wengine, na Bwana Simanullang, aliyetoka nyumba ya wageni akiwa na miwani yake na shati la kulalia kwenda kumtafuta rafiki yake, alipigwa risasi karibu na daraja la mto Code, risasi ambayo mpaka leo hakuna ajuaye ilitokea upande gani, akafa, maiti yake ikalala pale hadi mchana, marehemu alipopita na wanawake waliokuwa wakikimbilia kusini akamwona, hakuruhusiwa kusimama, akampita.

Kuanzia siku hiyo marehemu hakuwa peke yake tena, na nisemapo hivyo sitanii, kila Desemba mvua ikishika alikuwa akisikia mtu anapangusa viatu barazani, alikuwa akiacha ufagio katikati ya kufagia na kusema, "Amekuja", nasi watoto tulikwenda kutazama tukakuta baraza tupu na maji tu, na kwa siku tatu, tarehe 17 hadi 19, mlango wa nyumba hii haukufungwa mchana wala usiku, tukaibiwa baiskeli mbili, baba akanung'unika, mama akajibu, "Niliandika milango iko wazi, basi na iwe wazi." Sisi tuliokua katika nyumba hii tuliogopa, na mimi mtu mzima nina hofu ya Desemba hadi leo.

Waziri Danusaputro aliachiwa mwaka 1949, akastaafu, na kila Sikukuu ya Idi marehemu alikwenda kwake kupiga magoti kama ilivyo desturi yetu, akasema, "Nisamehe makosa yangu ya nje na ya ndani", naye Waziri akamjibu, "Nami vivyo hivyo, binti", wote wawili wakijua ni kosa gani na hakuna aliyelitaja, wakala keki, wakaulizana habari za watoto, mwaka hadi mwaka, mpaka Waziri alipofariki tarehe 2 Agosti 1963 akaondoka na kauli yake kifuani.

Tarehe 8 Julai 1951 marehemu alifunga ndoa na Bwana Mulyatno, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto watatu, mimi Pramuji, ndugu yangu Wuryani na mdogo wetu Sarwoko, na baba, aliyetutangulia mwaka 1984, alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi niliposa Mjava wa Kotagede, nikaletewa mtu wa Tapanuli", kwa maana nyinyi majirani mnajua ulimi aliokuwa nao mama yetu, mnajua alivyosimama kwenye harusi ya binti wa mwenyekiti wa mtaa akatangaza, "Wali umeisha, nendeni nyumbani", na mnajua mlivyomsema, lo, mwanamke wa Kijava gani yule asiye na haya. Kazini, alikopiga taipureta serikalini hadi alipostaafu mwaka 1979, wakubwa walimwogopa, mmoja alimwamrisha aandike kwa hasira kwamba mwenzake ni mpumbavu, akaandika mpumbavu, barua ikaenda, na mkubwa alipokuja juu mama akamwambia, "Kama hukutaka kulisema, ungelimeza." Leo mmejua ulimi ule aliupata wapi.

Lakini neno moja lilimshinda. Mwaka 1972 alisafiri kwa meli na kwa basi hadi Balige, kando ya Ziwa Toba, kwa mjane wa Bwana Simanullang, akiwa amekariri njia nzima atakachosema, mjane akamkumbatia, akamkaangia samaki, akalia kwa furaha kwamba kuna mtu wa Yogyakarta anayemkumbuka mume wake, na marehemu akala, akashukuru, akasifu pilipili, akarudi, na siku aliyoshuka kwenye basi alipita katikati yetu bila kutusalimu, akaingia chumbani akajifungia. Mjane alifariki bila kuambiwa.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Machi mwaka jana, akalazwa mara nne, na mwezi uliopita, alipoona siku zinamkimbia, aliniita kitandani akaniambia nichukue kalamu, nimwandikie Bi Tiurma, binti wa Bwana Simanullang aliyeko Medan, akanishika mkono kwa nguvu nisizodhani anazo, akasema, "Nitakavyosema ndivyo utakavyoandika, ukinipambia sitakuachia radhi", nikaandika, nikaipeleka posta, na baada ya siku chache simu ikalia, sauti nzito ya mwanamke ikasema, "Nimesoma. Mwambie asife kwanza, nakuja." Mama alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa, akauliza kila asubuhi kama ndege ya Medan imeshatua, lakini jana, tarehe 6 Novemba 1996, saa tisa alasiri, aliitika wito wa Mola wake, akiwa ameuelekeza uso mlangoni.

Bi Tiurma amefika leo asubuhi, ndiye huyo aliyeketi mbele mwenye kitambaa chekundu cha kwao begani, na tulipomweleza kwamba kwa desturi yetu msemaji wa familia huwaomba watu wote wamsamehe maiti, na wote hujibu kwa pamoja "tumemsamehe", alitikisa kichwa akasema, "La wote pamoja mimi simo, sisi hatusamehi tusichokisikia, lisomwe mbele ya watu kama lilivyo, ndipo nijibu", na mjomba wetu mmoja alipomwambia kwamba mama yetu ataaibika mbele ya mtaa, alimjibu, "Mzee wangu, baba yangu alilala barabarani mbele ya mtaa mzima."

Kwanza basi, familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mama yetu kwa subira hata alipowaambia kwamba dawa zao hazina maana, inawashukuru majirani kwa chai, kwa viti na kwa kukesha nasi, inawashukuru waliofanya naye kazi ambao wamekuja leo wakiwa na mvi na mikongojo, na kama kuna amdaiye chochote aje kwangu baada ya maziko.

Na sasa, hivi ndivyo alivyosema. "Mimi Kustinah niliambiwa nimwandikie baba yako usije, ukija utakufa. Sikuandika. Niliandika maneno matamu kwa kuwa niliona haya. Baba yako akaja, akafa. Si Waholanzi peke yao, ni mimi. Nakuomba msamaha kwa jambo hili hasa, si kwa jingine." Mwisho wa maneno yake.

Bi Tiurma, mimi mwanawe, mbele ya jeneza lake na mbele ya Kotagede yote, nakuuliza, umemsamehe?

Tungoje. Naomba kimya, jamani, mzee pale zima redio.

Kwa mlioko nyuma ambao hamkusikia, amesema hivi: "Kwa miaka arobaini na minane nilidhani baba alitukimbia kwa kupenda ugomvi. Nilimchukia. Sasa najua aliitwa kwa maneno matamu. Huyu mama nimemsamehe. Mbebeni, jua limekuwa kali."

Pumzika sasa, Mama, pumzika kwa amani.