Nafasi ya Kumi Ukutani

Benchi la kona, mbele ya banda la fundi simu, siku hiyo lilikuwa limebeba heshima ya mtaa mzima. Ukuta wa maktaba ya jiji ulikuwa unachorwa sura za watu walioupa mji akili zake. Tisa zilishakaa, imebaki nafasi moja, na mtaa wao ndio ulioipata. Sharti: mchoraji aanze kabla ya saa sita. Wakizubaa, nafasi inahamia mtaa wa pili, kwa yule mwimbaji wao mwenye koo la msumeno. Aliyepeleka jina ni fundi simu mwenyewe, Kinara, kijana aliyeacha shule darasa la sita na haya akaziacha hukohuko. Jina lenyewe: Bi Cherehani, marehemu, mshonaji aliyefundisha watu kusoma huku anashona.

— Majaji wawili wamepita kwenye kibaraza chake, Kinara alianza, kifua mbele. Wawili!

— Watatu, alisema Mzee Stempu, mstaafu wa posta. Na yule profesa wa mambo ya nyota.

— Mnamshusha! alidakia Gazeti, muuza magazeti asiyesoma zaidi ya vichwa vya habari. Mhariri mkuu alikuwa hachapi kitu mpaka bibi ampangie koma. Koma zote za mji huu zimetoka pale!

— Haba na haba hujaza kibaba, Mzee Stempu akaafiki.

— Hiyo inaingiaje hapo, mzee wangu?

— Koma ni haba. Kunywa kahawa yako.

Kinara akaona anazidiwa kwenye kesi yake mwenyewe. Hilo halikubaliki.

— Sikilizeni. Chuo kikuu kilimwandikia kinataka kumpa shahada. Akairudisha barua ina wino mwekundu mpaka kwenye muhuri!

— Acha wewe!

— Nilikuwepo! Kalamu nilishika mimi!

— Ulikuwa na miaka saba, mjukuu wangu.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka!

Hapo mchoraji akafika, ngazi begani, rangi mkononi.

— Nani hapa anamjua huyu mama?

— Sisi sote!

— Picha yake iko wapi?

— Hakupenda kupigwa picha, alisema Kinara. We chora tu kaka, nitakuelekeza.

— Haya. Sura yake ilikuwaje?

— Ya mviringo, alisema Gazeti.

— Nyembamba! alipinga Mzee Stempu. Tena ana mwanya.

— Mwanya wa wapi, mzee? Gazeti akaruka. Alikuwa na kidoti shavuni!

Mchoraji akatazama saa. Tano na nusu. Wote wakamgeukia Kinara. Kinara akafumba macho kuitafuta ile sura, akaona ukurasa wa maandishi matupu.

— Jamani, mimi siikumbuki. Ukiinua kichwa kitabuni, unakula rula. Nilikuwa naona maneno tu… na kidole chake, kinatembea chini ya mstari.

Hakuna aliyemcheka. Mzee Stempu akashusha kikombe taratibu.

— Kina chaki ya nguo ukuchani, alisema. Ukikosea neno, kinasimama hapohapo. Kinakungoja.

— Kinakungoja, Gazeti akaitikia, na sauti yake haikuwa ya kuuzia magazeti.

— Basi nachora kitabu na kidole, mchoraji akasema, anafungua kopo. Cha mkono upi?

Benchi ambalo halijawahi kukubaliana hata kuhusu leo ni siku gani likalipuka kwa sauti moja:

— Kushoto! Wa kulia unazungusha cherehani!