Mama Pasi na Miaka Kumi na Minane ya Kushindwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama mna kazi mkononi, endeleeni nayo huku mkinisikiliza, maana tunayemkumbuka leo hakupenda kuona mikono imekaa bure.

Jumanne asubuhi alituacha Mama Pasi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini na sita alipiga pasi shuka na makoti katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Na mpiga pasi huyu, wasikilizaji, aliwahi kuwa bingwa wa sataranji wa mji mzima. Narudia: mpiga pasi, bingwa wa sataranji.

Hakuzaliwa nayo. Hilo alilisema mwenyewe, hata kabla hujamuuliza. Aliyezaliwa nayo ni mdogo wake, fundi saa. Baba yao, mwalimu wa hesabu, aliwafundisha wote wawili kwenye meza ya chakula. Dada alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake sita. Haikupita wiki mbili, yule mdogo akawa anamfunga baba yake. Dada bado alikuwa anasahau farasi anarukaje. Baba akamwambia, "Mwanangu, wewe usijisumbue. Kichwa cha mchezo huu anacho mwenzako."

Alisema kwa upole, na labda ndiyo sababu binti aliamini. Akaacha. Akaacha kwa miaka ishirini na mitatu.

Kilichomrudisha ni mguu wa mdogo wake. Fundi saa aliteleza kwenye ngazi, mguu ukavunjika, akalazwa ghorofa ya pili ya hospitali ile ile. Kila mapumziko dada alipanda na chai.

"Dada, cheza na mimi. Nitapasuka kwa kulala."

"Mimi? Umekosa watu?"

"Nimekosa."

Basi akacheza, akafungwa. Wiki sita za plasta, akafungwa kila siku. Lakini aliona jambo. Wiki ya kwanza alikuwa anafungwa chai ikiwa bado ya moto. Wiki ya sita alifungwa chai imeshapoa. "Nikajiambia, kumbe kuna mahali ninakwenda," alimsimulia binti yake.

Kuanzia hapo, kila mchezo alioshindwa aliuandika kwenye daftari la shule, hatua kwa hatua. Alichora ubao kwenye karatasi, akaibandika ukutani mbele ya meza ya pasi, akawa anaitazama huku mkono unakwenda. Mwenzake wa kazini alinichekesha nilipokwenda kuwapa pole. "Makoti mawili ya daktari aliyachoma kwa sababu ya farasi," alisema. "Daktari akauliza, farasi yupi? Sisi tukainamia pasi zetu."

Miaka kumi na minane, wasikilizaji. Miaka kumi na minane alicheza na mdogo wake kila Jumamosi, na hakumshinda hata mara moja. Mdogo wake hakufungua kitabu, hakuandika chochote. Alitazama tu, akaona. Mara tano alikuwa bingwa wa mji, na mara zote tano alifika amechelewa.

Kisha ukaja mwaka dada alipofikisha miaka hamsini na miwili. Mashindano ya mji, ukumbi wa chuo cha ufundi. Raundi ya mwisho, meza ya kwanza: dada na mdogo wake. Atakayeshinda ndiye bingwa.

Saa ya tatu ya mchezo, fundi saa aliinama mbele akanong'ona, "Dada, tukubaliane sare. Tutoke wote kwa heshima."

Mama Pasi hakuinua macho. "Cheza, mdogo wangu."

Alikuwa amemzidi kwa askari mmoja tu. Kete moja, ile ndogo kuliko zote. Akaisukuma taratibu, kama anavyonyoosha kola. Baada ya saa moja nyingine fundi saa alimlaza mfalme wake ubaoni, akachukua koti lake, akatoka bila kumpa dada yake mkono.

Miezi miwili hakukanyaga kwake. Miezi miwili. Bingwa mpya alikuwa na kombe juu ya kabati, na Jumamosi hakuwa na wa kucheza naye. "Mama alilia," binti yake aliniambia. "Alisema, nimeshinda mchezo, nimempoteza ndugu."

Halafu Jumamosi moja mlango ukagongwa. Fundi saa alisimama kizingitini, hajui aiweke wapi mikono. Hakuomba radhi. Alisema, "Nionyeshe yale madaftari."

Walianza na la kwanza. Mwaka uliofuata fundi saa, akiwa na miaka arobaini na minane, alikuwa bingwa wa taifa. Dada yake aliketi mstari wa mbele, akapiga makofi mpaka akaambiwa basi.

Na niwaambie ukweli: hakumfunga tena mdogo wake. Sare, ndiyo. Kumfunga, hapana. Alicheka mwenyewe akisema, "Nimemharibu kwa mkono wangu." Kwa hiyo nilimuuliza fundi saa, kipaji au juhudi? "Kipaji nilikuwa nacho miaka yote," alisema. "Lakini bila dada ningezeeka nikiwa mtu ambaye angeweza."

Mama Pasi naye aligeuka mwalimu, wala hakustaafu. Kila Jumamosi saa saba mchana, katika chumba cha chakula cha wafanyakazi wa hospitali, alikaa na wafuaji, wauguzi na wafagizi, akiwaonyesha kete moja moja. Wanne kati yao mwaka huu wanaingia mashindano ya mji.

Kwa fundi saa, kwa binti yake, kwa wenzake wa chumba cha kufulia: poleni sana. Tuko nanyi. Mungu amlaze mahali pema.

Nasi tuliobaki, tujiulize ni jambo gani tuliliacha mapema mno. Mwenye kulijua jibu lake, pale chumba cha chakula bado kuna viti. Jumamosi hii fundi saa ndiye atakayefundisha, na ameniahidi kwamba atawahi.