Viganja vya Mzee Koki

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mzee Koki, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa pili wa mpishi wa shule. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza ufundi bomba katika karakana ya mjomba wake. Kwa zaidi ya miaka arobaini hakukabidhi kazi kabla ya kupapasa kila kiungo kwa kiganja kikavu, kutafuta unyevu ambao macho hayauoni.

Mwaka 1984 alimwoa mama yetu, karani wa mapokezi, baada ya kutengeneza koki ya ofisi yake mara tatu. Baadaye Mama aligundua kuwa mara mbili haikuwa mbovu.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, nayo ilikuwa imeshapita hatua ya kupasuliwa. Daktari alieleza njia mbili: vidonge vya kila siku, au chembe ndogo zenye mionzi, zinazopitishwa mshipani hadi ndani ya ini. Hakuficha kitu: waliolinganisha njia hizo waliona wagonjwa wakiishi muda unaokaribiana. Tofauti ilikuwa kwenye madhara. Vidonge huweza kuharisha na kuchubua viganja.

"Viganja?" Baba aliuliza. "Hapo mmenikosa."

Baba mdogo alishikilia kwamba achague vidonge. "Kaka, mtu anaingiziwaje mionzi kwa hiari yake?"

Baba akamgeukia daktari. "Daktari, mnapima kwanza kama bomba linavuja?"

Daktari alicheka. Ndiyo, kipimo cha awali huonyesha kama chembe zitavujia mapafuni.

"Basi huyu ni fundi mwenzangu. Mama watoto, sema wewe."

Mama akasema mionzi. Tangu siku hiyo aliishi na hofu kwamba mambo yakiharibika, lawama itakuwa yake.

Kipimo kilitoka safi. Baada ya wiki mbili za uchovu, Baba alirudi kazini, akafanya kazi miezi kumi na kula vizuri. Ugonjwa uliporudi haukumtesa muda mrefu. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 18 Juni 2024, Mama akiwa pembeni yake.

Jana baba mdogo alimfuata Mama jikoni. "Shemeji, mimi ningempa vidonge, na pengine angeishi siku zilezile, ila akiwa kitandani. Ulimchagulia vizuri." Mama akavuta kiti, akaomba chakula, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Ameacha mjane, mabinti watatu, wajukuu wanne na mdogo wake. Tunamsindikiza bila kulaumiana. Alale salama.