Dada Yetu Aliyeoka Udongo

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na nasoma haya kwa niaba ya familia, ingawa dada mwenyewe aliyapitia, isipokuwa ya mwisho, wiki tatu kabla ya kututoka, akanisahihisha tarehe mbili.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Udongo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga, akaanza shule mwaka 1958, akahitimu chuo cha kilimo tarehe 2 Desemba 1974, na mwezi uliofuata akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa mimea, chumba cha mwisho cha korido, ubavuni mwa choo.

Huko alikabidhiwa gugu geni la maua ya njano, lililokuwa limeumeza uwanja wa shule ya msingi, hata watoto wakawa wanacheza barabarani, na mmoja akavunjwa mguu na baiskeli. Mkuu wa kituo aliamini panga, gugu likafyekwa mara sita, na mara sita likarudi limenenepa. Dada akasema tunagombana na majani ilhali mchawi yuko chini, kwamba gugu lile limewaacha kwao vijidudu wa udongoni wanaoozesha mizizi yake, hapa limekuta kuvu inayolilisha, na sasa linaugeuza udongo uwe wake, nyasi za hapa zisipate pa kushika. Mkuu alicheka hadi akavua miwani.

Ili athibitishe, alihitaji udongo uliookwa hadi vijidudu wafe, na kwa kuwa kituo hakikuwa na tanuri, akabisha hodi kwa mwokaji mikate wa mtaa wa pili.

“Bibie, wateja wangu watatafuna mchanga,” mwokaji alisema.

“Nitakuja na trei zangu,” dada akajibu, naye akapewa tanuri kila Jumapili.

Katika makopo ya udongo uliookwa gugu lilidumaa, katika yale ya udongo mbichi likamfika dada kiunoni, na mwokaji, aliyepita kila jioni kukagua makopo, alionekana akimkagua zaidi mwenye makopo. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1977, wakajaliwa mabinti wawili, ambao wote wamewahi kuuma kokoto ndani ya mkate.

Baadaye dada aling'oa gugu nusu ya uwanja, akamwaga hapo ndoo arobaini za udongo aliouchota chini ya nyasi za asili nyuma ya tangi la maji, akapanda nyasi zilezile, na nusu nyingine akamwachia mkuu na panga lake. Kufikia tarehe 3 Mei 1981 watoto walikuwa wanacheza nusu uwanja, goli moja, na mkuu alipokuja kuona alivua koti, akaomba ndoo.

Dada alistaafu mwaka 2011, figo zikaanza kumsumbua mwaka 2021, na tarehe 18 Juni 2023, saa nne asubuhi, alifariki mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake waliobeba ndoo, na majirani waliovumilia harufu ya Jumapili.

Pumzika kwa amani, dada, huko chini wenyeji wote unawajua.