Mwezi Anaodaiwa Mama

Bismillahi. Ndugu zetu mliotoka Ilula na majirani wa hapa Rujewa, aliyeniambia kwa mara ya kwanza kwamba mwanamke aliye katika siku zake hafungi wala haswali ni marehemu mwenyewe, mama yangu, tukiwa tunapepeta mchele uani, akaniambia nisione aibu, nile nikiwa ndani, na siku hizo nitazilipa Ramadhani ikiisha. Naanza na hilo kwa sababu aliniagiza nilisome, nami nimemtii, ingawa sijawahi kusema mbele ya watu wengi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1980 huko Ilula, mkoani Iringa, mtoto wa nne wa Mzee Kasian Kikoti na Mama Verediana, akabatizwa kwa jina la Yusta. Alimaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1994, kisha akauza nyanya kando ya barabara kuu, na ndipo baba yetu, Halfani, aliyekuwa akipeleka mchele Iringa, aliponunua nyanya nyingi kuliko alizoweza kula, hata mjomba Aroni akawa anamtania, "Shemeji, huko kwenu mnaoga nyanya?" Mama alisilimu, akaitwa Mwamvita, wakafunga ndoa Iringa mjini tarehe 7 Agosti 1999, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi Nusura, Faraji na Salha. Hapa Rujewa alinunua mpunga, akakoboa na kuuza mchele, hadi nguvu zilipomwishia.

Damu ilianza kumtoka mwishoni mwa mwaka 2023, haikukatika. Yeye aliihesabu yote kuwa ni hedhi, akaacha swala, na Ramadhani ya mwaka 2024 akaiacha yote, akila kiporo nyuma ya jiko, nasi hatukuuliza, maana nyumbani kwetu mwanamke anayekula mchana wa Ramadhani haulizwi, ni heshima, na ugonjwa ukajificha ndani ya heshima hiyo.

Februari 2025, Mwalimu Shufaa wa madrasa aliwafundisha akina mama kwamba hedhi ina kikomo, haivuki siku kumi na tano, inayovuka ni damu ya ugonjwa, na mwenye nayo hujisafisha, hujifunga vizuri, hutawadha kwa kila swala, huswali na hufunga, tena aende hospitali. Mama alirudi, akakaa mlangoni bila kuvua mtandio, akaniambia, "Nusura, mwaka mzima sijasujudu, kumbe sikuzuiwa."

Mwezi Machi tulimpeleka hospitali Mbeya, tukaambiwa ni saratani ya shingo ya kizazi, nayo imeshasambaa. Ramadhani ilikuwa imeingia mwezi huo huo, akajaribu kufunga, akaanguka kabla ya adhuhuri. Mwalimu Shufaa alimwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa, atoe kibaba cha chakula kwa kila siku aliyoiacha, naye akajibu, "Kibaba kitamshibisha maskini, mwalimu, lakini mimi nilitaka njaa yangu mwenyewe." Akaambiwa basi, mtu akifariki na deni la saumu, mtoto wake anaweza kumfungia. Mama akanitazama, hakuniomba.

Alifariki jana Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, hapa nyumbani, na Ramadhani ile ya mwaka 2024 haijalipwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya waliompunguzia maumivu, majirani mliomgeuza kitandani nasi tulipochoka, na wenzake wa mashine ya mpunga mliofunga kazi leo. Akina mama na dada zangu, damu isiyokoma msiifiche, mama aliniagiza niwaambie hivyo, hata wanaume wakiwepo.

Leo kabla ya alfajiri, mwanangu akiwa bado amelala, nilikula kiporo nyuma ya jiko, pale alipokuwa akikaa yeye, nikanuia siku ya kwanza kwa ajili yake. Nimewasomea haya nikiwa nimefunga. Sijui kama njaa yangu inaweza kuwa yake. Pumzika, mama.