Mwalimu Nathanaeli Mgonja, Aliyeidharau Baridi ya Mhezi

Mwalimu Nathanaeli Eliufoo Mgonja alizaliwa hapa Mhezi tarehe 3 Machi 1956, mtoto wa tatu wa marehemu Eliufoo na marehemu Blandina. Shule ya msingi alisoma hapahapa, sekondari Same mjini, kisha akasomea ualimu. Mwaka 1977 alirudi na cheti, sanduku la bati na ubishi usioisha.

Alifundisha sayansi Chome na Mhezi hadi alipostaafu mwaka 2016. Somo alilolipenda kupita yote ni hali ya hewa ya sayari za mbali. Asubuhi za Julai, ukungu wa mlima Shengena ukiwa umeingia hadi darasani, mwanafunzi aliyelalamika alijibiwa: "Baridi gani? Uranusi inafika nyuzi mia mbili na ishirini chini ya sifuri! Neptuni upepo unapita kilomita elfu mbili kwa saa! Wewe unatetemekea umande?" Akishamsuta, alivua sweta lake akamvika. Masweta yake mengi yalihitimu darasa la saba.

Mwaka 1982 alimwoa Hedwiga. Siku ya posa wakwe walimuuliza ana mashamba wapi. Yeye akawaeleza dhoruba ya sayari ya Mshtarii, kubwa kuliko dunia nzima. Mshenga alitamani ardhi immeze. Hedwiga alicheka huko jikoni hadi akasikika, na posa ikapona.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2023. Daktari alishauri ashuke akaishi kwenye joto, na binti yake Jenifer akamwandalia chumba kwake Kisiwani, kule tambarare. Mwalimu aligoma.

"Baba Jenifer, vaa koti, tushuke."

"Mama Jenifer, ungejua Zohali kulivyo..."

"Zohali hatuna ndugu! Mapafu yako yako Mhezi."

Hedwiga alimbembeleza miaka miwili. Mwishoni mwa Aprili mwaka huu wa 2025 mzee akakubali. Kwa hofu kwamba atageuka, Mama Jenifer alipakia siku hiyohiyo kitanda, godoro na mablanketi yote, vikatangulia na lori la jirani yetu Lugano. Wenyewe wangefuata kesho yake. Kabla hapajakucha mvua iliporomosha mlima, barabara ikafungwa. Majirani walileta walichokuwa nacho, lakini kifua kilishabana. Vijana walipokuja na machela wamshushe kwa miguu, hali yake ilikuwa haibebeki tena.

Wapo wanaonong'ona kwamba mama aliharakisha mizigo. Wangekuja kunong'ona miaka ile miwili, wamsaidie kubembeleza.

Mwalimu alifariki Ijumaa asubuhi, tarehe 2 Mei, mikononi mwa mkewe. Alimwambia, "Ukishanizika, shuka Kisiwani. Huku kuna baridi." Tangu waoane hakuwahi kulikiri hilo.

Ameacha mjane, watoto watatu, Jenifer, Wilbard na Agape, wajukuu sita, na wanafunzi wasiohesabika. Jana watoto walimwomba mama yao ashuke nao baada ya mazishi. Aliwatazama waliokuwa wakichimba kaburi pale mgombani, akasema:

"Nimwache peke yake, na baridi yote hii?"

Mwalimu alale kwa amani ya Bwana.